Podo ya Kimo cha Kifua: Safari ya Mlima Nkungwe

Ijumaa, usiku, ndani ya treni

Tumeondoka Tabora gizani. Nina mkoba mmoja, kipimajoto cha kioo nilichokifunga ndani ya soksi, futi ya kamba ya fundi cherehani, na daftari hili. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, amebeba hema na sufuria. Ndiye aliyeniuliza mbele ya abiria wote: "Shangazi, wenzetu wanakwenda Mahale kuangalia sokwe. Sisi tunakwenda kuangalia mti mfupi?"

Ndiyo, tunakwenda kuangalia mti mfupi, na nimeusubiri huu mti kwa miaka.

Niandike sababu yake sasa, maana kesho kutwa pumzi itakuwa ya kupandia. Mimi ni afisa misitu. Kazi yangu yote nimeifanya katika miombo ya Tabora, kwenye mininga, mitundu na mizinga ya nyuki. Kwangu msitu ni kitu unachokiingia, kinakufunika, unatazama juu ukihesabu matawi. Kisha nikapelekwa Japani kwa mafunzo mafupi, na siku moja ya mapumziko, mwezi Oktoba, wenyeji wetu wakatupandisha Tateyama, katika mkoa wa Toyama, hadi mahali paitwapo Murodo. Pale nikasimama ndani ya msitu ulionifika magotini. Nilikuwa nautazama kutoka juu, kama mtu anayetazama shamba la karanga.

Ulikuwa msitu kweli. Ilikuwa misonobari, ina sindano tano tano katika kila kishada, ina koni, ina shina nene kama mkono wangu, isipokuwa shina lile halikusimama. Lilitambaa juu ya mawe, likapotea chini ya matawi yake lenyewe, likaibuka mbele. Wajapani huuita haimatsu, yaani msonobari utambaao. Mwalimu wetu akatuambia kwamba Wajerumani nao, kwa vichaka vya namna hii vilivyo kwenye milima yao, wana neno Krummholz, maana yake mti uliopinda, na wataalamu wa dunia nzima wamelichukua. Mimi nitaandika krumholzi.

Niliandika kimo cha mahali: mita 2,450. Halafu mkono ukasita. Mlima Nkungwe, kilele cha Mahale, mkoani Kigoma, una mita 2,462. Tofauti ni mita 12, urefu wa mninga mmoja wa wastani. Je, kwetu, kwenye kimo kilekile, mti unakuwaje? Niliona haya kwamba nilikuwa najua jibu la Toyama na sijui la jirani yangu.

Jumamosi, Ujiji

Kigoma tulifika mchana. Ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, kisha sokoni: unga, chumvi, dagaa kilo moja, betri za tochi. Jioni tukapanda boti pwani ya Ujiji. Injini ilizimika mara mbili kabla ya usiku wa manane na mara zote mbili fundi aliifungua akiwa ameshika tochi kwa meno. Mara ya pili tulikaa saa nzima tukiyumba, na hapo ndipo nilipoutambua upepo. Unatoka kusini-mashariki, msimu huu wa kiangazi unavuma karibu kila siku, na ziwa lote linaulalia. Nikauandika. Nilijua tutakutana nao tena kule juu.

Jumapili, Mahale

Tumeshuka asubuhi mikono ikiwa imekufa ganzi kwa kushikilia ubao. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na haina barabara ndani: ama boti ama miguu. Tulijiandikisha Bilenge, tukapewa askari wa kutusindikiza, kijana mrefu ambaye hapa nitamwita Afande tu kama nilivyokuwa nikimwita, na tukampata mzee wa Kitongwe wa kutubebea na kutuonyesha njia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema unatafuta miti."

"Natafuta mahali miti inapoishia."

Alinitazama kwa muda. "Hapo si mahali pamoja," akasema. "Pako pengi."

Sentensi hiyo nimeipigia mstari, kwa sababu katika vitabu nilivyosoma mpaka wa juu wa miti huchorwa kama mstari mmoja uliokatwa kwa rula.

Jumatatu, Kasoge

Siku ya kuzoea. Saa moja asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 21 kivulini kando ya maji; saa nane mchana, nyuzi 29. Uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya bahari. Hizi ndizo namba zangu za kuanzia.

Babu alizaliwa hapahapa Kasoge. Watu wake walihamishwa miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, na hifadhi ilipokuja hawakurudi. Alituonyesha michikichi ya zamani katikati ya msitu, miembe, na milimau iliyobaki bila wenyewe. Malimau hayo sasa huliwa na sokwe. Tuliwakuta watano, tukavaa barakoa kama sheria inavyotaka, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua, na mpwa wangu akanyamaza kimya kwa dakika ishirini, jambo ambalo sijaliona tangu alipozaliwa. Watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa hapa tangu 1965. Nilifikiri juu ya watu wale, waliotoka nchi ya haimatsu wakaja kukaa chini ya Nkungwe, na mimi niliyetoka huku nikaenda kusimama Tateyama.

Babu aligusa gome la mwembe mmoja alipopita. Hakusema kitu, nasi hatukuuliza.

Jumanne, kambi ya kwanza

Tumepanda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Chini, kandokando ya mito, msitu mnene wenye mizabibu mwitu. Ukitoka tu bondeni na kukanyaga mgongo wa kilima, unaingia miombo, ile ile ya kwetu, na nyasi zimekauka mpaka zinalia chini ya viatu. Bonde lina msitu wa mvua, mgongo una miombo, na kati yao ni hatua kumi. Babu alikuwa amesema kweli: miti inaishia na kuanza mahali pengi, na kila mahali pana sababu yake. Hapa ni maji na udongo.

Saa tisa tukafika kwenye mianzi. Kambi. Nyuzi 19 jua likiwa bado juu.

Usiku, mpwa wangu akaniomba nimweleze kwa nini ule msonobari wa Japani unatambaa. Nilijaribu, na ninaandika kama nilivyosema, maana kulieleza jambo kwa mtu aliyechoka ndiyo njia ya kujua kama umelielewa.

Nilimwambia aanze na dagaa. Ukianika dagaa juu ya mchanga, jua na upepo vinawakausha kwa sababu maji yanatoka na hakuna maji yanayoingia. Sasa chukua mti ulio mlimani wakati wa baridi kali. Udongo umeganda kama jiwe, mizizi haiwezi kunywa. Lakini juu jua linawaka na upepo unapita, na majani hayakupukutika, kwani misonobari mingi huyabakiza mwaka mzima. Jani linatoa maji, shina haliwezi kurudisha. Linakauka kama dagaa katikati ya theluji.

"Halafu?" akauliza.

Halafu upepo unabeba chembe za barafu. Zinalipiga jani kama msasa, zinakwangua ile nta inayolifunika, na jani lisilo na nta hukauka upesi zaidi. Zinakwangua vichipukizi vya upande unaotazama upepo, hivyo upande huo hauoti matawi. Ndiyo maana kwenye milima ya Ulaya na Marekani Kaskazini unakuta miti yenye matawi upande mmoja tu, kama bendera. Ukipanda zaidi, hata bendera haipo. Kinachobaki ni mkeka wa matawi usiozidi kina cha theluji. Theluji ikiufunika, mti umepata blanketi: chini yake hakuna upepo, hakuna chembe za barafu, na baridi haizidi sana. Tawi lolote linalojaribu kuchomoza juu ya blanketi linakatwa majira yaleyale. Kwa hiyo ukiukuta mkeka huo wakati wa kiangazi, usawa wake unakuonyesha theluji hufika wapi.

Afande, ambaye tulidhani amelala, akauliza kutoka kwenye hema lake: "Na huo mti hufa?"

Haufi haraka, Afande. Tawi linalogusa udongo huota mizizi, likawa mti mwingine, na ule wa zamani ukioza wa mbele unaendelea. Mti wa kimo cha goti unaweza kuwa na umri wa miaka mia na zaidi.

Kuna jambo moja nililisema vibaya nikalirekebisha. Si kila mti mfupi wa juu umefupishwa na mahali. Haimatsu ni mfupi kwa kuzaliwa. Upande bustanini bado utatambaa. Vivyo hivyo ule msonobari wa vichaka vya Alpi. Lakini kuna misprusi na misonobari mingine ya Marekani Kaskazini ambayo mbegu yake ikiangukia bondeni inakuwa mti mrefu wa mbao, na ikiangukia ukingoni inakuwa mkeka. Mbegu ni ileile. Wataalamu wengine hulihifadhi neno krumholzi kwa aina hii ya pili pekee, na mimi nakubaliana nao, kwa sababu ni hii inayotueleza habari za mahali. Ile ya kwanza inatueleza habari za ukoo wake.

Mpwa wangu akasema, "Basi ukitaka kujua, unautafuta ndugu yake bondeni." Nikamwambia alale, kwa kuwa kesho ndicho tutakachofanya.

Jumatano, Nkungwe

Hii ndiyo siku, na nitaiandika pole pole.

Baada ya mianzi msitu ulibadilika. Hewa ikawa na unyevu, mashina yakavaa kuvumwani na ndevu za kijivu zinazoning'inia, mbega weusi wenye mabega meupe wakaruka juu yetu. Afande alitunyamazisha ili tusikie ndege mdogo wa kijivu mwenye sauti ya kurudiarudia. Wanasayansi wamempa jina la mlima huu, apalisi wa Kungwe. Sikumwona vizuri, lakini nilimsikia.

Saa nne kasoro nikaiona podo ya kwanza. Watu wa mbao wanaijua podo kama ubao mweupe ulionyooka. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona hai mahali pake. Podo ni ndugu wa misonobari, ingawa haina sindano: majani yake ni marefu membamba, magumu, na haina koni ya mbao bali mbegu inayokaa juu ya kikonyo kilichovimba, ambacho ndege hukila. Ndiyo msonobari wetu, kwa ukoo. Niliyoiona ilisimama bondeni kando ya kijito, imenyooka, tawi la kwanza likiwa juu kuliko mikono ya Afande mara tatu. Nikazungusha futi ya kamba: sentimita 187. Nikaandika: podo ya bondeni.

Tuliendelea kupanda ukingoni. Miti ikaanza kushuka. Sisi tulikuwa tunapanda, lakini jicho lilikuwa linaona vilele vya miti vinashuka kutujia, hadi vikawa usawa wa vichwa. Upepo ulikuwa uleule wa ziwani, kutoka kusini-mashariki, nami nikaukumbuka ubao wa boti. Matawi yote yalikuwa yameelekea kaskazini-magharibi.

Kisha msitu ukakatika. Mbele yetu nyasi, mawe, na anga.

Pale ukingoni, hatua chache tu kutoka kwenye nyasi, mpwa wangu akaita. Podo. Ilifika kifuani pangu. Shina lake lilikuwa limepinda karibu na ardhi kama kiwiko, limelala kiasi cha mita moja upande wa bondeni, ndipo likainuka. Upande wa upepo haukuwa na tawi hata moja lililo hai. Nilipiga magoti, nikapima shina juu kidogo ya udongo: sentimita 71. Mti wenye unene wa namna hiyo bondeni ungekuwa mrefu kupita paa la nyumba. Nikapima tena nikidhani futi imejisokota. Sentimita 71.

Nilikaa chini. Sitaficha kwamba macho yalilowa. Nilivuka bahari kwenda kustaajabia mti uliopinda, na huu ulikuwa hapa wakati wote.

Lakini kazi ni kazi. Je, hii ni krumholzi? Nikatoa kipimajoto. Saa saba mchana, kivulini, kwenye upepo, nyuzi 16. Nikachukua penseli. Hewa hupoa karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Toka ziwani hadi kileleni ni mita 1,689, yaani upungufu wa nyuzi 10. Nikichukua wastani wa kando ya ziwa kuwa nyuzi 24, kilele kina wastani wa nyuzi 14. Sasa, duniani kote, kutoka Alpi hadi Andes, miti hushindwa kusimama pale ambapo wastani wa joto la majira ya kukua unashuka kwenye nyuzi 6 hivi. Chini ya hapo mti unaweza kutengeneza chakula kwenye majani, ila hauwezi kukigeuza kuwa mwili mpya. Chembe hai hazigawanyiki kwa kasi ya kutosha. Nyasi na mimea mifupi ya ardhini huota karibu na udongo uliopashwa na jua, mti unakaa hewani na hewa ni baridi.

Kati ya nyuzi 14 na nyuzi 6 kuna nyuzi 8. Nkungwe ingehitaji kurefuka mita 1,300 zaidi ndipo baridi iiambie podo hapana. Ungekuwa mlima wa karibu mita 3,800. Tateyama kwenye mita 2,450 iko nyuzi 36 za latitudo kaskazini mwa ikweta, na katika miaka ya theluji nyingi ukuta wa theluji kando ya barabara ya Murodo hukaribia mita 20. Hapa tuko nyuzi 6 tu kusini. Kimo ni kilekile, baridi si ileile. Jibu la daftari langu lilipatikana kwa mistari minne ya hesabu ambayo ningeweza kuifanya Tabora.

Basi podo hii imepindishwa na nini, na msitu umekatwa na nini?

Upepo, kwa sehemu. Milima midogo iliyosimama peke yake huwa na miti mifupi kileleni hata pasipo baridi kali, kwani hakuna mlima mwingine wa kuikinga, ukungu huja na kuondoka, na udongo wa ukingoni ni mwembamba juu ya mwamba. Hilo naliamini. Ila Babu alikuwa amesimama upande wa pili wa mti, upande wa nyasi, akanipungia mkono.

"Njoo uone mgongo wake, mwanangu."

Upande ule gome halikuwepo. Mti ulikuwa mweusi kuanzia udongoni hadi usawa wa goti, na kando ya kovu gome jipya lilikuwa limejikunja kama midomo inayotaka kufumba. Moto. Si wa mwaka huu, wala si mmoja: mpwa wangu alihesabu kingo mbili za kovu, moja ndani ya nyingine.

Nilizunguka ule ukingo kwa saa mbili. Kila nilipokwenda, mpaka wa msitu ulikuwa na vijiti vyeusi vya vichaka upande wa nyasi. Penye mwamba au kijito msitu ulipanda juu zaidi. Penye mteremko laini wa nyasi ulirudi chini. Baridi haichagui hivyo. Moto ndio unaochagua hivyo, kwa sababu moto hupanda mteremko wa nyasi na hugonga kwenye mwamba.

Kabla ya kwenda kileleni Babu alivua kofia. Mlima huu ni mtakatifu kwa Watongwe. Alisema maneno machache kwa Kitongwe, sikuomba kutafsiriwa, tukapanda kimya. Ziwa lilikuwa chini yetu lote, na ng'ambo Kongo.

Alhamisi, kushuka

Alfajiri nyuzi 10. Ukungu ulipita juu ya kambi, na podo yangu ilikuwa inadondosha maji. Niliweka kikombe chini ya tawi moja kuanzia saa kumi na moja. Saa moja kilikuwa na maji ya kulowesha vidole viwili. Hakuna mvua iliyonyesha. Nje, kwenye nyasi, kikombe cha pili kilikuwa na umande tu.

Hili, kwamba mti hunasa maji ya ukungu, nililijua kutoka Kilimanjaro. Kule miti ya juu kabisa si misonobari, ni erika, na zamani ilifika karibu mita 4,000. Moto umeishusha. Watafiti waliofanya kazi kwenye mlima ule miaka mingi wamekadiria kwamba maji ya ukungu yanayopotea kwa kuungua kwa msitu wa erika ni mengi kuliko yale yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ya Kibo. Barafu inapigwa picha na dunia nzima. Erika haina mpiga picha. Nimelisema hili kwenye mikutano mara nyingi kwa takwimu za wengine. Leo nimelisema kwa vikombe viwili.

Njiani nilimuuliza Babu kama nyasi za juu ziliungua walipokuwa wakiishi huku.

"Ziliungua. Tulizichoma wenyewe."

"Lini?"

"Mapema. Mvua zikikatika tu, nyasi bado zina maji. Moto unatembea kama mzee, unafika kwenye msitu umechoka. Sasa unakuja Agosti, Septemba. Huo haujui kuchoka."

Afande alisema nao huchoma mapema na kufyeka njia za moto, ila mlima ni mkubwa na watu ni wachache, na moto mwingi unatoka mbali, upande wa mashariki. Sikuwa na cha kubisha. Miombo ya Tabora nayo huchomwa mapema kwa sababu hiyohiyo, na kila mwaka kuna mahali tunachelewa. Ninayajua yale majivu.

Mpwa wangu aliteleza kwenye mianzi akakwaruza kiwiko. Sokwe hatukuwaona.

Ijumaa, ziwani

Boti ya kurudi iliondoka jioni. Babu alikuja hadi majini. Nilimpa kile kikombe cha pili, cha bati, kwa kuwa alikuwa amekisifu, naye akanipa mfuko wa malimau ya Kasoge.

"Utarudi?"

"Nikijaliwa, Babu. Nataka kupima tena ule mti baada ya miaka mitano."

"Mimi sitakuwepo kukuonyesha. Mfundishe huyu." Akamwelekea mpwa wangu.

Saa mbili usiku taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetandaa kila upande, nyeupe, zikicheza na mawimbi. Mpwa wangu ndiye aliyeona taa nyingine, nyekundu, zisizocheza. Zilikuwa juu. Mstari mwembamba ulikuwa umejipinda kwenye mabega ya milima, upande wa kusini, ukikatika mahali na kuungana tena.

Nahodha alisema huwa hivyo kila mwaka. Nilimuuliza ni mgongo upi, akasema kwa usiku hawezi kujua. Simu haikuwa na mtandao. Nilisimama nimeshika nguzo ya turubai, nikijaribu kuilinganisha ile nyekundu na mchoro wa daftari kwa mwanga wa tochi: hapa kijito, hapa mwamba, hapa nyasi laini. Upepo ulikuwa unatoka kulekule. Tulizunguka rasi, milima ikajificha.

Jumamosi, Ujiji

Mtandao ulirudi saa tatu asubuhi, na ujumbe wa Afande ulikuwa umeshaingia. Moto ulitoka mashariki, ulipanda usiku, umeishia kwenye mianzi na kwenye ule mwamba wa juu. Upande wa nyasi laini umepita. Wenzake wanne wako huko tangu alfajiri na majembe.

Nikampigia. Alikuwa anahema, nilisikia wanafyeka.

"Na podo, Afande?"

"Bado sijafika, Mama. Moshi. Nitapanda Jumatatu, nitaipima kwa mkono, nikutumie."

Nikamwambia kipimo ni sentimita 71, juu kidogo ya udongo, upande wa bondeni. Akanirudishia namba ile mara mbili ili asiisahau.